Matanga ya Ukingo wa Bwawa

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka chini kama yanayotafuta mahali pa kukaa, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila sauti. Hali ilikuwa hivyo Elihuruma alipoingia nchi ya Matangani, na kitu cha kwanza alichokiona huko kilikuwa benchi lililofunikwa kanga.

Lilikuwa benchi la mbao la kukalia watu watatu. Lilisimama peke yake kando ya bwawa, katikati ya bustani ya watu wote, na mbele yake watu walikuwa wamepanga mstari. Kila aliyefika aliinama, akaligusa mkono wake wa mbao na kusema taratibu, "Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa." Kisha akapita upande wa pili kunywa chai ya tangawizi chini ya turubai.

Elihuruma hakuwa mtu wa kucheka desturi za wenyeji. Alipanga mstari, na zamu yake ilipofika akalipa benchi pole kama wengine. Ndipo akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yake.

"Samahani, mama. Limefiwa na nani?"

"Na mwenzake," mama akajibu, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Walikaa pamoja miaka yote hiyo. Jana ukingo ulikatika, mwenzake akaenda na maji. Litazame linavyosikitika." Akamkagua Elihuruma uso. "Wewe si ndiye kaka yake Aikande? Pua ni ile ile. Mimi ni Mashavu, jirani yake. Umechelewa, shemeji. Umekosa kilio cha jana. Kilikuwa kilio cha kusimuliwa."

Ni kweli alikuwa kaka yake Aikande, mdogo wake wa kumfuata. Aikande aliolewa Matangani akiwa msichana, akafiwa na mumewe, na tangu hapo akawa anaishi na mkwewe, Bi Mwajabu, ambaye miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Alikuwa amemtumia mdogo wake ujumbe mfupi kwa mdomo wa mpita njia: maji yamefika mlangoni, njoo. Elihuruma hakuuliza zaidi. Alikuwa na mikono miwili na afya, naye alidhani hivyo ndivyo vilivyohitajiwa.

Nyumba ilikuwa pembeni mwa bustani. Zamani, alisema Aikande, kati ya mlango na bwawa kulikuwa na majani ya kukimbilia watoto, njia ya kupitia maharusi, na ukuta wa mawe ulioshika ukingo wote. Sasa mawe yalikuwa yamelala majini kama meno yaliyong'oka, njia haikuwapo, na kutoka ukuta wa chumba cha Bi Mwajabu hadi majini mtu angeweza kutema mate yakafika. Katika udongo uliobaki kulikuwa na ufa mrefu. Kandokando ya ufa huo yalipangwa machungwa, mengine mabichi, mengi yameshaoza.

"Haya ya nani?" Elihuruma akauliza.

"Ya ukingo," Aikande akasema, akiangalia pembeni. "Ni mgonjwa. Watu huja kumjulia hali."

Kutoka ndani, kupitia dirisha, ilisikika sauti kavu ya kizee. "Mimi nimelala humu mwaka wa pili sijaletewa hata kipande. Ukingo unaletewa machungwa."

Elihuruma akaingia, akamwamkia. Bi Mwajabu alikuwa amekuwa mdogo kitandani kama nguo iliyokunjwa, lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Marahaba, baba. Umekuja kulia au umekuja kufanya kazi?"

"Kazi, mama."

"Basi utapata shida hapa," akasema. "Kaa."

Elihuruma alitaka wamhamishe bibi siku hiyo hiyo. Aikande akamweleza kwamba haiwezekani. Kuhama nyumba ambayo bado imesimama ni kuichuria, kuitabiria mabaya, na hakuna jirani wa Matangani ambaye angempokea mtu aliyeichuria nyumba yake. Basi, akasema Elihuruma, tuuzibe ufa. Aikande akasema ni afadhali waende wakasikie wenyewe kwa Mkuu wa Maliwazo.

Idara ya Maliwazo ndiyo iliyokuwa jengo zuri kuliko yote katika nchi ile. Uani kulikuwa na maturubai yaliyokunjwa vizuri, viti vya plastiki vimebebana hadi kimo cha paa, masufuria ambayo mtu angeweza kuogea, na rundo kubwa la mawe ya kukandamizia kamba za maturubai upepo usiyachukue. Elihuruma aliyatazama mawe yale kwa muda. Yalikuwa mawe mazuri, bapa, ya kujengea.

Mkuu wa Maliwazo aliitwa Bwana Tuliza. Alikuwa na sauti ya kumbembelezea mtoto na leso iliyopigwa pasi. Aliwapa pole kabla hawajasema lolote, kisha akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu mgeni," akasema, "nchi yetu haina sheria nyingi. Ukingo una hali tatu tu. Ukiwa mzima, kuutia jiwe ni uchuro. Ni kama kumpimia sanda mtu anayecheza ngoma. Ukipata nyufa, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa hutazamwa, hupewa pole, huachiwa Mungu. Ukianguka, huyo ni marehemu. Tunamlilia, tunamwombea, na baada ya hapo hakuna kumgusa. Au kwenu mnafukua makaburi?"

"Hapana, bwana. Lakini hizo ni hali tatu. Wa kuujenga ukingo anaujenga katika hali ipi?"

Bwana Tuliza alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtesa Elihuruma baadaye alipomkumbuka.

"Sijawahi kuulizwa hivyo," akasema mwishowe.

"Na mtu akiujenga tu?"

"Hatumfungi. Hatumpigi." Akaikunja leso yake mara mbili. "Ila siku yake ikifika, hatuji."

Aikande aliinamisha kichwa. Elihuruma aliona mabega ya dada yake yakishuka, akaelewa kwamba sheria ya nchi ile haikuwa katika kitabu chochote. Ilikuwa katika hofu ya kubeba jeneza peke yako.

"Hakuna njia kabisa?"

"Iko moja," Bwana Tuliza akasema kwa upole. "Matanga yakimalizika, mfiwa husimama mbele ya watu na kumpa marehemu ahadi. Ahadi ya mfiwa haipingwi. Akiahidi kuhamisha mlima, tutampisha njia, na siku yake tutakuja wote."

"Kuna aliyewahi kuahidi kujenga?"

"Hakuna aliyewahi kukatazwa," akasema Bwana Tuliza, akasimama, kwa sababu saa ya Baraza ilikuwa imefika na alipaswa kuliongoza.

Elihuruma aliruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. Baraza lilikuwa na jambo moja: je, lile benchi ni ndugu wa marehemu au ni mjane wake? Walioshika upande wa ujane walidai likae eda, na mtu yeyote asilikalie mpaka muda uishe. Walioshika upande wa undugu wakajibu kwamba mabenchi yale yalitoka mti mmoja, na ndoa ya namna hiyo ni aibu kuitaja hadharani. Walizungumza kwa adabu na kwa elimu kubwa. Mzee mmoja alilia katikati ya hotuba yake na wapinzani wake wakampa maji. Jioni likapita azimio kwamba benchi lisikaliwe kwa tahadhari. Wakati wote huo, kupitia madirisha, bwawa lilikuwa likionekana likilamba udongo, polepole, bila chuki.

Usiku ule kabla ya kulala Elihuruma alisali sala yake ya kila siku, akashindwa kuimaliza. Alizoea kumwomba Mungu awape watu mioyo ya huruma. Hapa huruma ilikuwa imejaa mpaka inamwagika, na hakuna aliyekuwa na jembe.

Asubuhi Bi Mwajabu alimwita kitandani.

"Matanga ya kile kipande cha ukingo yanaanuliwa leo. Kwenu mna watani?"

"Tunao, mama. Mtani anaweza kuiba hata sufuria la wafiwa, na hakuna wa kumgombeza."

"Hata hapa ni hivyo hivyo," akasema, akatazama dari kama asiye na neno zaidi. "Na wewe hatujui ukoo wako. Unaweza kuwa mtani wa yeyote."

Elihuruma akatoka nje. Watu walikuwa wamejaa chini ya maturubai, na msemaji alikuwa akisifu maisha ya ukingo: ulikuwa mpole, mwenye kupokea wageni, haukuwahi kumkatalia mtu kupunga upepo. Elihuruma akapita katikati ya mikeka, akasimama mbele, akapiga kofi moja kubwa.

"Mnadanganywa," akasema. "Huyu marehemu namjua mimi, mtani wake. Alikuwa mvivu wa kupindukia. Toka azaliwe miguu iko majini, hajawahi kusimama hata siku moja."

Mashavu akaguna, akacheka mpaka akashika mbavu, na turubai lote likacheka naye.

"Tena hajafa," Elihuruma akaendelea. "Amelala tu, kazoea kubebwa. Na mali yake naichukua." Akainama, akang'oa jiwe lililoshika kamba ya turubai, akalitia begani na kwenda nalo mbio hadi kwenye ufa mbele ya nyumba ya dada yake. Turubai likapepea kama bendera. Watu wakalia machozi ya kicheko. Akarudi kuchukua la pili na la tatu. Aikande alisimama mlangoni akitazama, mkono mdomoni, kisha naye akajifunga kibwebwe.

"Jamani, na wifi yetu kawa mtani," akapiga kelele Mashavu.

Hata vijana wakaingia katika mzaha ule. Wengine walileta viroba vya mchanga vilivyokuwa vikizuia viti, wengine wakashuka majini hadi magotini kupanga mawe, wakimtukana marehemu kwa matusi ya utani ambayo hata msemaji aliyacheka. Mchana ulipofika, mbele ya chumba cha Bi Mwajabu palikuwa na ukuta wa mawe na viroba uliofika kiunoni. Haukuwa mzuri, lakini mawimbi madogo ya bwawa yaligonga pale na kurudi.

Bi Mwajabu aliisikia sauti hiyo kutoka kitandani. "Nyanyua kidogo upande wa kushoto, mtani," akasema kupitia dirisha. "Bado namwona Tuliza."

Aikande akacheka. Elihuruma hakuwa amemsikia dada yake akicheka tangu wakiwa watoto wanachota maji, na kwa saa chache za siku ile aliamini kwamba Mungu alikuwa amejibu kwa njia ya mzaha, kama anavyofanya wakati mwingine.

Jioni Bwana Tuliza alikuja. Alimshika Elihuruma mkono kwa mikono yake miwili.

"Hatujawahi kupata mtani kama wewe. Umetuondolea huzuni. Nataka kila matanga uwepo." Akautazama ukuta kwa mapenzi ya kweli. "Sasa tanga limeanuliwa na utani umekwisha. Kesho tuna matanga ya ngazi za upande wa pili, zimefariki mchana huu. Maturubai yanahitaji mawe yake."

"Bwana Tuliza, ukuta huu ukiondoka, bibi huyu atalala majini."

"Basi tutakuwa naye," akasema Bwana Tuliza, na machozi yakamtoka hapo hapo, wala hayakuwa ya uongo.

Watu wakapanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye mkokoteni. Mawe yakapita mkono kwa mkono, taratibu, kila mtu akimwambia mwenzake asante. Elihuruma alisimama ameegemea ukuta mpaka hapakuwa na ukuta wa kuegemea. Alipogeuka aliona kwamba mtu wa kwanza katika mstari ule, anayeng'oa mawe na kuyatoa, alikuwa Aikande.

"Dada, hata wewe?"

"Wewe utarudi kwetu, Elihuruma," akasema bila kusimamisha mikono. "Mama huyu akifa, nitambeba na nani? Niambie. Nitambeba na nani?"

Elihuruma aliinama kando yake. Akachukua upande wa pili wa jiwe lililokuwa zito mno kwa dada yake, wakalitoa pamoja.

Mvua ya kweli ilikuja Ijumaa mchana, watu wote wakiwa kwenye matanga ya ngazi. Ufa ulifunguka kama mdomo wa mtu aliyechoka kunyamaza. Kwanza yalikwenda machungwa, kisha udongo, kisha ukuta wa chumba ukapiga magoti majini. Elihuruma na dada yake walimtoa Bi Mwajabu juu ya godoro, maji yakiwa vifuani mwao, naye akiwa amelowa mwili mzima. Mahali pekee palipokuwa pakavu katika bustani nzima palikuwa chini ya turubai la msiba, nao wakamlaza hapo, katikati ya waombolezaji waliosimama na kumpisha.

Bi Mwajabu alilitazama lile turubai lililowambwa vizuri juu yake, kamba zake zimekazwa kwa mawe.

"Kumbe pakavu papo," akasema. "Mtu anapaswa kufa kwanza."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka, kwa hiyo wakalia.

Homa ya mapafu ikamshika. Siku ya Jumapili, pumzi zikiwa fupi, alimvuta Aikande karibu. Elihuruma alikuwa ameshika taa na alisikia kila neno.

"Watanilia sana," Bi Mwajabu akasema. "Waache. Lakini ahadi ni yako. Usinipe maneno ya kupendeza. Nipe jiwe moja. Ukiweka moja, wataona kwamba mbingu hazikuanguka."

"Ndiyo, mama."

"Sema tena."

"Nitaweka jiwe, mama."

Akafumba macho, na hakuyafumbua.

Matangani yote ilikuja. Hata Elihuruma, ambaye moyo wake ulikuwa mzito kwa uchungu, ilimbidi akiri kwamba hajapata kuona watu wanaojua kufiwa kama wale. Kabla Aikande hajawaza chai, chai ilikuwa imechemka. Kabla hajapiga goti, kulikuwa na mkono chini ya kwapa lake. Mashavu hakumwacha hata alipokwenda msalani. Wanawake walimwosha miguu. Wanaume walimbeba marehemu wakipokezana kwa zamu fupi fupi, kila mtu akitaka sehemu yake ya uzito. Bwana Tuliza mwenyewe alishuka kaburini. Aikande, ambaye tangu mumewe afe alikuwa akilala katika nyumba yenye sauti moja ya kizee, alizungukwa na mabega pande zote.

Asubuhi ya kuanua tanga, Elihuruma alimkuta dada yake nyuma ya kilichobaki cha nyumba. Alikuwa amechagua jiwe. Lilikuwa bapa, la kutosha mikono miwili, na alikuwa amelifuta udongo kwa kanga yake.

"Nitasema," akamwambia mdogo wake. "Haipingwi. Alisema mwenyewe Tuliza. Nikisema ukingo wote, ni ukingo wote."

"Mungu akupe kinywa, dada."

"Wewe simama mahali nitakapokuona."

Elihuruma akasimama karibu na lile benchi, ambalo mtu alikuwa amelibadilishia kanga. Nyuma yake bwawa lilikuwa limetulia, pana kuliko alivyolikuta. Msemaji alimaliza, sala ikasomwa, na Bwana Tuliza akasema kwa sauti yake ya kubembeleza kwamba sasa mfiwa atampa marehemu ahadi, na wote waliopo ni mashahidi, na hakuna wa kuipinga.

Aikande akasimama na jiwe lake. Mashavu, akidhani limemlemea, alilipokea kwa upole na kuliweka chini, akamfunika mabega kwa kanga kavu. Mwanamke mwingine akamshika kiuno. Mbele yake watu wote wa Matangani walikuwa wameinua nyuso, na hakuna hata uso mmoja uliokuwa mkavu. Aikande aliwatazama kwa muda mrefu, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyeshwa jamaa zake kwa mara ya kwanza. Kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho, akampata.

Elihuruma alisali bila kufumba macho. Aliomba neno moja tu. Aliona midomo ya dada yake ikilianza, aliona mkono wa Mashavu ukimkaza bega, na akaona macho ya Aikande yakimwacha na kurudi kwa wale waliomshika.

"Mama," Aikande akasema, na sauti yake ikafika hadi nyuma, "naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote walionililia. Kila mwaka, siku kama ya leo, nitakuja hapa ukingoni kukulilia. Na ukingo ukisogea, mama, nami nitasogea."